Kuomba mkopo na ufadhili wa chuo ukiwa Tanga: shughuli inaanzia nyumbani, kwenye makaratasi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, steshenari za Ngamiani zinajaa. Vijana wamekaa kwenye benchi na bahasha za kaki mapajani, mama zao wamesimama mlangoni, na kijana wa kompyuta chai yake inapoa mezani. Wengi wamekuja kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Kuna watakaorudi nyumbani jioni bila kuomba, na si kwa kukosa sifa. Ni karatasi moja haipo, au ipo lakini jina lililoandikwa humo silo lililo kwenye cheti cha shule.

Kwa hiyo usisubiri matokeo. Kama una mtoto kidato cha sita, au wewe mwenyewe ndiye mtahiniwa, kazi kubwa ya mkopo inafanyika kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Kujaza fomu yenyewe ni kazi ya mchana mmoja.

Kwanza jua unaomba nini

Watu husema "serikali inasomesha" kama vile ni kitu kimoja. Sivyo. Kuna mkopo na kuna ufadhili, na vyote viwili vinasimamiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005.

Mkopo ndio wanaoupata wengi. Unatolewa kwa Mtanzania mhitaji aliyepata udahili kwenye chuo kinachotambuliwa, na ni deni: ukimaliza unarudisha. Unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Si lazima upewe vyote. Mwenzako anaweza kupata ada yote na wewe ukapata nusu, kwa sababu kiasi kinapimwa kwa hali ya nyumbani kwenu. Fedha ya chakula na malazi, bumu lenyewe, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23.

Ufadhili usiorudishwa ni Samia Skolashipu, ulioanza mwaka huohuo wa 2022/23. Huu ni wa waliofaulu vizuri sana tahasusi za sayansi kidato cha sita na kudahiliwa kwenye sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Hapa hali ya nyumbani haiangaliwi, yanaangaliwa matokeo. Majina ya wenye sifa hutangazwa, kisha aliyetajwa anaingia mwenyewe kwenye mfumo wa Bodi kuomba. Kila mwaka wapo wanaodhani kutajwa kwenye orodha kumeshamaliza kazi. Hakujamaliza, ukikaa kimya nafasi inapita. Na kabla ya kusaini, soma sharti la ufaulu wa kila mwaka ukiwa chuoni.

Kuna na mkopo wa stashahada, ulioanza 2023/24 kwa kozi za vipaumbele, zikiwemo afya, ualimu wa masomo fulani, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Huu unatugusa sana sisi wa Tanga, kwa sababu vijana wengi wa Muheza, Pangani na Mkinga wanaishia kidato cha nne na kuchagua chuo cha kati. Ukiwaza mifugo pale Buhuri au kilimo pale Mlingano, usijitoe mapema kwa kudhani mkopo ni wa chuo kikuu tu. Fungua mwongozo wa mwaka wako uone kama kozi yako imo.

Majina, majina, majina

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wetu wanapokwamia.

Chukua cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, uviweke mezani pamoja. Soma herufi kwa herufi. Pwani yetu hii jina moja lina sura nyingi: Saidi na Said, Athumani na Othman, Rajabu na Rajab, Shabani na Shaaban, Mwanahamisi na Mwanahamis. Mwalimu wa darasa la saba aliandika anavyosikia, karani wa vizazi akaandika anavyojua yeye, na kitambulisho cha taifa kikatoka na la tatu. Nyumbani ni mtu mmoja. Kwenye mfumo ni watu watatu.

Halafu kuna jina la tatu. Shuleni umeandikwa jina la babu, kwenye cheti cha kuzaliwa limewekwa jina la ukoo. Hilo nalo ni tofauti, hata kama baba anaapa kwamba yote ni yake.

Jina la kufuata ni lile la baraza la mitihani, kwa sababu ndilo lililokwenda chuoni na ndilo mfumo wa Bodi unaloanza nalo. Tofauti ya herufi moja mbili hushughulikiwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina likiwa jingine kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo haitoki kwa siku moja. Ukiligundua hilo Februari, ni usumbufu mdogo. Ukiligundua wiki ya mwisho ya dirisha, utalia.

Cheti cha kuzaliwa kikiwa hakipo kabisa, jambo la kawaida kwa waliozaliwa nyumbani kwa mkunga huko Kilindi au Handeni vijijini, mahali pa kuanzia ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako vyeti vya watu wazima hushughulikiwa kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Nenda na kila kinachoonyesha ulizaliwa lini na wazazi wako ni nani: kadi ya kliniki kama panya hawajaila, cheti cha kumaliza shule ya msingi, cheti cha ubatizo kwa wenye nacho, vitambulisho vya wazazi. Watakuelekeza kilichopungua. Mzazi aende pamoja nawe, maana maswali mengine mtoto hana majibu yake.

Kuwa na cheti mkononi bado hakutoshi. Lazima kihakikiwe. Unakipakia kwenye mfumo wa RITA mtandaoni, unalipia, wanakilinganisha na kumbukumbu zao, kisha unapata namba ya uhakiki. Bila namba hiyo fomu ya mkopo haisogei. Aliyezaliwa Unguja au Pemba, na hapa Tanga wenye asili ya huko ni wengi, anahakikiwa na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa Zanzibar, siyo RITA. Hili linawapotezea watu siku nyingi bure.

Karatasi za wenye sababu za pekee

Yatima anatambuliwa kwa cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe kama cha kuzaliwa. Familia nyingi zina kibali cha mazishi tu, kile kipande kilichotoka hospitali au kwa mtendaji siku ya msiba. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kama baba alifariki zamani na hakuna aliyefuatilia, kaka mkubwa au shangazi aanze kufuatilia sasa, na pengine itabidi mwanaukoo aliyekuwepo kwenye msiba atoe maelezo.

Liko kundi ambalo fomu hailijui vizuri: mtoto ambaye baba yu hai lakini haijulikani aliko, na aliyemlea ni bibi. Kundi hili ni kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Ushauri wangu ni kusema ukweli. Usimuue mtu aliye hai kwa karatasi. Cheti cha kughushi kinagunduliwa kwenye uhakiki na unakuwa na kesi badala ya mkopo. Pata barua ya serikali ya mtaa au ya ofisa ustawi wa jamii inayoeleza nani anakulea, uiambatishe pale mfumo unaporuhusu.

Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini itumie namba yake ya kaya. Namba hiyo huipati Julai kwa kuomba mkopo. Ama kaya yenu ilishaandikishwa ama haikuandikishwa. Kama imo, muulize mratibu wa halmashauri mapema namba iliyosomeka sawasawa, maana kadi zimechakaa na tarakimu zimefutika.

Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, kuna fomu maalumu inayothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Usiipeleke kwa daktari yeyote utakayemkuta zamu Bombo ukadhani muhuri wa hospitali unatosha. Na aliyesomeshwa sekondari na shirika au mfadhili aombe barua ya mfadhili huyo akiwa bado anamfahamu mtu wa kumpigia simu.

Vitu vidogo vya kuwa navyo

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Barua pepe yako mwenyewe. Akaunti ya benki ya jina lako, inayofanya kazi. Akaunti iliyolala miezi mingi hurudisha fedha. Picha za pasipoti zako na za mdhamini. Haya ni ya siku mbili tatu, sina zaidi la kusema.

Siku ya kujaza

Miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguliwa Juni au Julai na kufungwa kuanzia mwisho wa Agosti na kuendelea. Bodi hutoa mwongozo mpya kila mwaka, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwenye tovuti yake. Usome wa mwaka wako, si ule aliokutumia binamu yako kwenye WhatsApp.

Maombi yanafanyika kwenye mfumo unaoitwa OLAMS. Unaanza na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne: herufi ya mwanzo, namba ya shule, namba yako, mwaka. Ukirudia mtihani unaweza kuwa na namba mbili. Namba ya kuombea mkopo iwe ileile uliyoombea chuo. Ukitumia moja huku na nyingine kule, Bodi haitaona udahili wako, na orodha itatoka bila jina lako ukabaki kulaumu upendeleo.

Baada ya hapo mfumo unakupa namba ya malipo, ile kontrol namba, na unalipa shilingi 30,000 za maombi kwa simu au benki. Linganisha jina linalotokea kwenye simu kabla ya kubonyeza kukubali. Hazirudishwi.

Sasa tuzungumze kuhusu steshenari. Wengi wetu hatuna kompyuta, na kijana wa steshenari anaijua njia kuliko sisi. Mtumie, lakini kaa pembeni yake. Nimeona fomu zikijazwa kumi kwa mpigo: kijana anaandika namba yake ya simu kwenye fomu zote ili "isisumbue", anafungua barua pepe moja ya wote, nywila anaiandika nyuma ya risiti. Septemba Bodi inatuma ujumbe wa kurekebisha kiambatisho, ujumbe unaingia kwenye simu ya kijana ambaye ameshahamia Dar. Mwenye fomu yuko Mwakidila anasubiri.

Kwa hiyo: simu yako, barua pepe yako, nywila uichague wewe na uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Angalia kioo wakati anaandika. Kila ukurasa ukijaa, msomee mzazi kwa sauti. Mzazi ndiye anayejua kwamba kazi ya baba si "mfanyabiashara" bali anauza dagaa soko la samaki la Deep Sea, na tofauti hiyo ina maana kwenye kupima uhitaji. Usikuze, usipunguze. Andika mzazi anachofanya kweli.

Viambatisho viskaniwe, visipigwe picha kwa simu juu ya meza yenye kivuli. Kila faili lifunguliwe baada ya kupakiwa ili kuona kwamba cheti cha kuzaliwa ndicho kilichokaa mahali pa cheti cha kuzaliwa. Vyeti halisi visilale dukani hata usiku mmoja.

Sahihi na mihuri

Ukimaliza kujaza unachapa fomu na mkataba. Wanaosaini ni wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu.

Mdhamini ni Mtanzania mwenye kitambulisho anayekubali kuingia nawe kwenye ahadi ya kulipa. Kwa kawaida ni mzazi au mlezi. Bibi anaweza, lakini mwelezeni kwa utulivu anachosaini. Si vizuri mtu mzima akasikia habari ya deni kwa majirani. Kama hajui kusaini anaweka dole gumba mbele ya anayeshuhudia.

Mwenyekiti wa mtaa mtafute jioni au mapema asubuhi, na umpigie simu kwanza. Wakati wa dirisha anasaini karatasi nyingi, na muhuri wakati mwingine uko kwa mtendaji na mtendaji yuko kikaoni. Wapo wanaodai "ya soda". Sijui sheria inayomruhusu mtu kukuuzia muhuri wa umma. Kwa upande wa kiapo, mawakili hutoza kila mmoja bei yake, hivyo uliza kabla ya kukaa kitini. Mahakama ya mwanzo nayo ina hakimu, ukienda asubuhi kabla kesi hazijaanza.

Kisha unaskani kurasa zilizosainiwa, unazipakia kwenye mfumo na kubonyeza kuwasilisha. Hapa ndipo wengine wanaposahau: wamelipa, wamejaza, wamesainiwa, wamekwenda zao, fomu haijawasilishwa. Ingia tena kesho yake uone hali inasemaje. Hifadhi nakala ya kila kitu, ya karatasi na ya kwenye simu.

Kusubiri, na vishoka

Majibu hutoka kwa awamu, ya kwanza mara nyingi Oktoba karibu na vyuo kufunguliwa. Kila mwombaji ana akaunti yake iitwayo SIPA ndani ya mfumo, na humo utaona umepangiwa kiasi gani na kwenye kipengele gani. Usiangalie jumla tu. Angalia ada umepewa ngapi na chuo chako kinatoza ngapi, ili familia ijue mapema pengo ni kiasi gani. Wiki ya usajili si wakati wa kuanza kuuza mbuzi. Kukosa awamu ya kwanza si kukosa mkopo, hasa kama udahili wako ulikuwa na tatizo au ulichelewa kuuthibitisha. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja kwa muda uliopangwa, maana fedha hufuata chuo ulichothibitisha.

Kipindi hiki ndipo simu za vishoka zinapoanza. "Nina mtu Bodi, tuma laki moja jina lisogee." Bodi haina wakala wa kusogeza majina, na anayekupigia amepata namba yako kwenye makundi ya WhatsApp ya waombaji. Kama una tatizo la kweli, tumia mawasiliano yaliyo kwenye tovuti ya Bodi au ofisa mikopo wa chuo ulichopangiwa. Kila chuo kinaye.

Ukifika chuoni, sajiliwa haraka na ukamuone ofisa huyo. Fedha hutolewa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa na kuthibitisha kupokea. Asiyetokea, fedha yake hurudi. Bumu haliji kwa mwezi kama mshahara, linakuja kwa awamu na linaweza kuchelewa. Ondoka stendi ya Kange na nauli, godoro, na akiba ya kula wiki kadhaa. Waliofika na nauli tu ndio wanaoanza kukopa kwa wenzao kabla ya mhadhara wa kwanza.

Ukikosa, au ukipata pungufu

Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za mwanzo. Rufaa si barua ya kulalamika. Ni nafasi ya kuleta ushahidi ambao haukuwepo: cheti cha kifo kilichokuwa bado RITA, fomu ya ulemavu, kiambatisho kilichosomeka vibaya. "Sisi ni maskini" bila karatasi mpya haibadilishi hesabu. Aliyekosa kabisa na akaweza kuanza mwaka wa kwanza kwa msaada wa ndugu anaweza kuomba tena mwaka unaofuata kama mwanafunzi anayeendelea, mradi afaulu. Nimewaona waliopata mwaka wa pili kwa sababu tu safari hii vyeti vyao vilikuwa vimehakikiwa.

Kuhusu kurudisha

Wazazi wengi huniuliza kama kuna riba, na kwa wengine swali hili ni la dini kabla halijawa la fedha. Ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilipandisha deni iliondolewa mwaka 2021. Iliyobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Maelezo hayo mpelekee shehe au mchungaji wako, yeye ndiye wa kukujibu lililobaki.

Kulipa kunaanza miezi 24 baada ya kumaliza chuo, au mapema zaidi. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichowekwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Mshahara wa 900,000 unakatwa 135,000 kila mwezi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuzipeleka. Aliyejiajiri analipa mwenyewe, kuanzia shilingi 100,000 kwa mwezi. Kila mwaka ukiwa chuoni fungua akaunti yako uone deni limefika wapi, na makato yakianza kazini linganisha hati ya mshahara na taarifa ya deni. Mwajiri akikata bila kupeleka, hati hizo ndizo utakazokwenda nazo Bodi.